Ngeli za Bafle: Dibaji ya Elimu ya Nyaya za Garini Kule Naviundu

Watangulizi wetu waliainisha gari zenye muziki kwa kelele zake. Shule ya kwanza, ambayo makao yake makuu ni benchi la mbele ya duka, hupima kwa mabati: gari likipita na paa la nyumba ya tatu kutoka barabarani likatetemeka, limefaulu. Shule ya pili hupima kwa jina lililobandikwa kwenye kioo cha nyuma, Pioneer au Kenwood, bila kujali kama ndani ya gari kuna chombo chochote cha jina hilo. Wote wamepotoka. Mwenye mabati anapima misumari ya seremala, na mwenye kioo anapima gundi. Makala haya yanapendekeza kigezo cha tatu, kinachoonekana tu zulia la gari linapoinuliwa: waya.

Tuanze na asili. Gari la kawaida la Naviundu, hapa Lubumbashi, limezaliwa Japani, likachoka kidogo huko, likashuka bandari ya Dar es Salaam, likavuka Zambia na kuingia kwetu kwa Kasumbalesa. Usukani wake uko kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia, jambo ambalo dereva hulizoea ndani ya wiki. Asilolizoea ni redio. Bendi ya FM ya Japani ilianza 76 na kwa muda mrefu ikaishia 90. Ya kwetu inaanza 87.5 na kupanda hadi 108. Redio hiyo inaishiwa pumzi pale stesheni zetu zinapoanza kunoga. Kwa hiyo dashibodi lazima ifunguliwe. Hakuna gari lililoanza na sabufa. Yote yalianza na mtu aliyetaka kusikia habari za saa moja.

Dashibodi ikishafunguliwa, mwenye gari huona nyaya: wa njano wenye umeme wakati wote, mwekundu unaofuata ufunguo, mweusi wa masi (hasi), na wa buluu wenye mstari mweupe ambao haufungwi popote. Fundi akiulizwa huu wa buluu ni wa nini, hujibu kwa upole kwamba ni wa kuamshia ampli. Mteja hana ampli. Lakini sasa amejua kwamba kuna kitu kwenye gari lake kinasubiri kuamshwa.

Ngeli ya kwanza basi ni ya gari ambazo waya wa buluu bado unaning'inia. Bafle, yaani spika, ziko milangoni na redio mpya inazisukuma yenyewe. Boksi la redio limeandikwa wati 50 mara 4, nasi tunaheshimu kila maandishi, ila Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha kanuni yake mwaka 1827, kabla ya boksi hilo. Injini ikiwaka, gari hutoa volti 14.4 hivi. Bafle ya mlangoni ni omu 4. Zidisha volti kwa volti, gawanya kwa mara mbili ya omu hizo, yaani 8, utapata wati 26 hata ukiwa na chipu isiyopoteza chochote, na chipu ya namna hiyo haijatengenezwa. Mwenye gari akizidisha sauti kupita hapo, mawimbi hukatwa vichwa na bafle huanza kukoroma. Mtaani hali hiyo huitwa "muziki umekolea".

Ngeli ya pili ni ya walioamsha ampli. Ampli haina muujiza: ndani yake kuna kigeuzi kinachopandisha zile volti 14 mpaka wati ziwe na nafasi ya kupita. Lakini anayetoa wati lazima aziingize kwanza, na zinaingia kwa mlango mmoja, waya unaotoka kwenye betri. Ampli ya daraja AB hugeuza karibu nusu ya ilichokula kuwa joto. Ya daraja D hupoteza kidogo zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana ya zamani huchoma mkono na ya kisasa hukaa chini ya kiti kwa adabu.

Ngeli hii ina vijingeli vingi, na kinachonivutia zaidi ni cha wenye mluzi. Dereva akikanyaga mafuta, bafle hutoa sauti nyembamba inayopanda pamoja na injini, akiachia, inashuka. Chanzo chake kinajulikana. Masi ya redio imefungwa mahali pamoja, masi ya ampli mahali pengine juu ya rangi isiyokwanguliwa, na kati ya hapo pana tofauti ndogo ya volti inayobeba kelele za altaneta hadi kwenye muziki. Au waya wa mawimbi ulilazwa ubavuni mwa waya wa betri kwa sababu tundu la kupitia lilikuwa moja. Dawa ni msasa, boliti safi kwenye chuma cha bodi, na subira ya nusu saa. Hata hivyo nimewasikia madereva wakiutetea mluzi wao: unawaambia gia ya kubadili bila kutazama saa ya injini.

Kuhusu fyuzi, maandiko ni machache, kwa kuwa chenyewe kinachochunguzwa huwa hakipo. Panapopaswa kuwa na fyuzi, si mbali na betri, ndani ya sentimita 45 hivi, mtafiti hukuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Wenye gari wanaamini fyuzi inalinda ampli, na ampli wameinunua kwa bei rahisi, kwa hiyo haina haja ya ulinzi. Fyuzi inalinda waya, na waya umelala chini ya zulia, na zulia liko chini ya watoto.

Ngeli ya tatu ni ya sabufa mbili, na hapa elimu inakuwa hesabu. Sabufa moja ya koili mbili za omu 4 ikiunganishwa sambamba inakuwa omu 2. Ukiongeza mwenzake kwa mtindo huo huo, ampli inatazama omu 1. Iliyotengenezwa kwa omu 2 itawasha taa nyekundu ya kujilinda na kunyamaza katikati ya wimbo, kwa kawaida mbele ya watu ambao mwenye gari alitaka wasikie. Kuunganisha kwa mfuatano kunapandisha omu na kuiokoa ampli, lakini kunapunguza wati, na sijaona mtu Naviundu aliyefungua pochi ili apunguziwe wati.

Kundi la kusikitisha ndani ya ngeli hii ni la sabufa mbili zilizofungwa kinyume, moja chanya kwenye hasi. Koni moja inatoka huku nyingine inaingia, kama watu wawili wanaosukuma gari, mmoja nyuma na mmoja mbele. Besi inayeyuka hewani. Mwenye gari hudhani amepata sabufa dhaifu na hununua ya tatu. Kumbe betri ndogo ya volti 1.5 ingemaliza ubishi: igusishe nyaya kwa sekunde moja, na chanya ikiwa kwenye chanya, koni hutoka nje. Maboksi yenyewe, ya tripleksi au ya mbao za kabati lililovunjwa, tuyaache; yanahitaji makala yake na seremala wake.

Nimechelewesha waya kusudi. Chukua ampli inayokula ampea 60 na waya wa mita 5 kutoka betri hadi buti. Ukiwa shaba ya milimita 21 za mraba, inapotea robo ya volti njiani. Sasa chukua waya unaouzwa sana: koti la plastiki nene na jekundu, ndani yake milimita 8 za mraba, na hizo milimita 8 si shaba bali aluminiamu iliyopakwa shaba. Aluminiamu hupitisha umeme kwa asilimia 61 hivi ya shaba. Karibu volti 1 nzima inaishia chini ya zulia, kwa njia ya joto, na kila besi inapopiga, taa za mbele zinakonyeza wapita njia.

Na hili linatokea Lubumbashi. Huku misalaba ya shaba ilikuwa pesa karne nyingi kabla ya Wabelgiji. Union Minière iliundwa mwaka 1906 kwa ajili ya shaba hii, ambayo sisi huiita mukuba, mji ukafuata mwaka 1910, na kuanzia 1971 hadi 1997 mkoa wetu uliitwa Shaba. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3, na nchi iliyotushinda ni Chile peke yake. Malori yenye bamba za shaba yanatoka kwa Kasumbalesa. Kwa njia hiyo hiyo tunaletewa aluminiamu iliyopakwa rangi yake.

Kwa hiyo ngeli ya nne, adimu kuliko zote, ni ya gari zenye waya wa shaba mtupu. Hutambulika kwa taa zisizokonyeza na kwa mwenye gari asiyependa kuulizwa waya aliutoa wapi, hasa wiki ambayo mtaa wa jirani umelala giza.

Kwa ajili ya utafiti nilimwomba fundi mmoja anionyeshe waya wake. Kipimo cha uhalisi ni kisu: kwangua, na ukiona weupe, umejibiwa. Niliona adabu kuuliza kwanza.

— Papa fundi, hii waya ni ya mukuba?

— Ni ya mukuba, papa. Inje.

— Na mu ndani?

— Mu ndani ni waya.

Nikamuuliza kama anayo ya mukuba mtupu. Alisema iko, lakini ile inatoka Dubai na bei yake ni ya dola, kisha akachukua koleo na kuuliza akate mita ngapi.