Panda Sirimon, Shukia Chogoria: Mwongozo wa Mwenye Haraka

Safari ya kuvuka Mlima Kenya huanzia soko la Gakoromone, Ijumaa asubuhi, kwenye mitumba. Watu wa Nairobi hununua vifaa vyao dukani kwa bei ya mbuzi mzima. Wewe ni mtu wa Meru, mlima umeuona tangu utotoni, wazee wako wanauita Kirimara, basi utakutisha na nini? Chagua jaketi lenye nembo ya klabu ya kuteleza thelujini huko Ulaya, wala usijisumbue kujaribu zipu. Mama muuzaji akisema mia nane, sema mia mbili. Mkishaelewana, mdokezee kwamba unaenda mlimani. Atakutazama kuanzia viatuni hadi utosini, kisha aulize: "Kwani huko juu umeacha nini, kijana wangu?" Lipa uondoke. Swali hilo halina jibu la heshima.

Viatu viwe vipya kabisa, na uvivae kwa mara ya kwanza siku yenyewe ya safari. Kuhusu chakula, ndizi mbivu na njugu zinatosha mtu mwenye akili, lakini wewe ongeza kilo mbili za maharagwe makavu. Kambini Shipton, mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na joto la takriban nyuzi 86 tu, si 100. Maharagwe yatatokota hadi usiku wa manane na bado yatagonga meno. Angalau utakuwa na kitu cha kufanya wakati usingizi umekataa.

Jumamosi alfajiri panda matatu ya Nanyuki. Itapita Makutano, Subuiga na Timau, kisha makanga akushushe njia panda ya Sirimon, umalizie kwa bodaboda hadi langoni. Hapo utakutana na maafisa wa KWS, watu wapole wasiopokea noti. Ada hulipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo subiri ufike pale, mtandao ukiwa na mstari mmoja, ndipo uanze kukumbuka nenosiri lako.

Sasa tuje kwenye ratiba. Waongozaji watakushauri utumie siku nne au tano: usiku wa kwanza Old Moses, mita 3,300, kisha Shipton, upumzike, mwili uzoee hewa nyepesi ndipo uende kileleni. Ushauri mzuri, ila Jumatatu una kazi. Kwa hiyo ipite Old Moses mbio mbio, ukipungia mkono wale wanaokunywa chai, na kabla ya giza uwe Shipton. Kichwa kikiuma, sema ni jua. Ukitapika, laumu ndizi. Lakini ukianza kupepesuka kwenye njia iliyonyooka na kuongea yasiyoeleweka, au ukikosa pumzi hata ukiwa umekaa, utani umeisha: shuka, hata kama ni saa saba usiku. Maji huweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba, na hakuna dawa ya kambini inayozidi kushuka.

Tukirudi kwenye upuuzi wetu: hapo Shipton kuna pimbi. Hawaogopi watu, na wanajua mifuko ya nje ya begi kuliko mwenye begi. Njugu zako zihesabu kama sadaka.

Kuna pia mpagazi. Ametangulia na mzigo wako mgongoni, amevaa gambuti, na ulipofika ukikokota miguu ulikuta chai tayari. Mwite "wewe kijana" hata kama ana wajukuu. Mweleze jinsi ulivyo mtu wa mazoezi. Yeye atasema "sawa, boss", kisha ataendelea kumenya viazi.

Amka saa nane usiku. Tochi iwe ya simu, kwa sababu betri ya simu haipendi baridi na itazimika katikati ya changarawe, mahali ambapo kila hatua mbili unazopanda unarudishwa moja. Jua likichomoza utakuwa Lenana, mita 4,985. Pembeni yako utaona Batian, mita 5,199, na Nelion, 5,188, ambazo hazipandiki bila kamba na ujuzi. Usizitaje. Kwenye kundi la familia andika "Nimefika kilele cha Mlima Kenya". Hakuna shangazi atakayeuliza kipi.

Mwaka 1943 Felice Benuzzi, mfungwa wa vita Mwitaliano, alitoroka kambini Nanyuki na wenzake wawili, akafika hapo Lenana na mwenzake mmoja huku ramani yao kubwa ikiwa picha ya mlima kwenye lebo ya mkebe wa nyama, kisha wakarudi kambini wenyewe wakafungiwe. Kisoi Munyao alipandisha bendera mlimani usiku wa uhuru, Desemba 1963. Wewe umeleta fimbo ya kupigia selfi. Hata hivyo mpe mpagazi simu akupige picha, ndiyo njia ya uhakika ya kumfanya asionekane ndani yake. Harakisha, kwani barafu ya Lewis hapo chini haikusubiri: kati ya 1934 na 2010 ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake.

Wengi hudhani kazi imekwisha hapo. Kumbe bado Chogoria, na Chogoria ni magoti. Mwanzoni ni pazuri hadi unasahau kulalamika: Ziwa Michaelson limetulia chini ya majabali, lobelia zimesimama kila upande. Kisha inaanza misitu. Kwanza miti ya Hagenia yenye ndevu za kuvumwani, halafu mianzi inayosuguana kwa upepo mpaka unageuka kuona ni nani. Upande wa Sirimon ni mkavu. Huku mashariki mvua haihitaji kualikwa. Thabai zitakusalimia kwenye vifundo. Ukikuta kinyesi cha ndovu njiani, tazama kama kinafuka mvuke. Kikifuka, huo si wakati wa kupiga hadithi kwa sauti wala wa kutangulia mbele kuonyesha ushujaa. Ngoja mwongozaji aseme. Nyati ndio wabaya zaidi, maana ndovu utamsikia akivunja mianzi, lakini nyati hukaa kimya.

Langoni Chogoria utaambiwa mjini bado ni kama kilomita 30, na kwamba kuna Land Rover. Bei yake hupanda kwa kila tone la mvua. Lipa. Barabara ile ikilowa, hata dereva aliyezaliwa pale huomba Mungu kwanza.

Chogoria mjini utapata matatu za kurudi Meru, na kama Mungu yuko nawe, utapata kiti cha mbele cha kunyooshea magoti. Lakini kabla hujapanda, muulize mpagazi jina lake, kisha umlipe chote mlichokubaliana na bakshishi juu yake, papo hapo, mkononi au kwa M-Pesa. Ile "nitakutumia nikifika nyumbani" ameshaisikia sana.