Nyekundu Imevuja Kijiweni

Mchoro wa wino mweusi hauna ugomvi na mtu. Anayeutazama hujijazia mwenyewe: shati analipa rangi aipendayo, ngozi anaifananisha na ya mjomba wake, anaondoka ameridhika. Ukishaanza kutia rangi, umeingia kwenye siasa.

Mimi nilidhani naingia kwenye kompyuta tu. Kijiwe cha bodaboda cha mtaani kwetu, Dar es Salaam, walitaka mwenyekiti wao achorwe akiwa juu ya pikipiki, wamtundike kwenye bango. Mistari mitupu waliipenda hadi wakaninunulia soda. Balaa lilianza mweka hazina alipopangusa mdomo na kusema, "Haya msanii, sasa tupigie rangi."

Programu ya kuchorea haikunyimi kitu. Nyekundu, kijani na bluu, kila moja ina ngazi kutoka 0 hadi 255. Ukizichanganya unapata rangi zaidi ya milioni 16. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za kupakia baiskeli. Alichagua katika zilizopo dukani, akapaka, akauza. Mimi na milioni zangu 16 nilikuwa bado natafuta nyekundu ya shati.

Nilipoipata nikashika ndoo. Hiki ndicho chombo anachokikimbilia kila mwanafunzi wa rangi, kwa kuwa unagusa mara moja na shati zima linajaa. Ndoo huanza na ile pikseli uliyoigusa, inawauliza majirani zake kama nao ni weupe, wanaoitikia inawapaka, kisha inawauliza majirani wa hao, hivyo hivyo mpaka igote kwenye mstari. Kwenye kola ya mwenyekiti, mstari ulikuwa na mwanya wa pikseli moja. Mimi sikuuona. Ndoo iliuona. Nyekundu ikatoka kolani, ikapanda shingoni, ikaizunguka helmeti na kujaza anga lote, mwenyekiti akabaki anaendesha pikipiki ndani ya supu ya nyanya.

Katibu wa kijiwe, Yanga wa damu, alikuwa anachungulia begani kwangu. "Kwa hiyo msanii umeshatuchagulia Simba?"

Kuziba mwanya ilikuwa kazi ndogo kuliko kumtuliza katibu. Na ndoo haikuishiwa visa. Kingo za mistari ya kidijitali si nyeusi kabisa, zina ukungu wa kijivu ili zionekane laini, na ndoo ikiuona ukungu huo hukata tamaa mapema. Ikamwachia mwenyekiti uzi mweupe kuzunguka mikono yote miwili. Dawa yake ni kuitanua rangi pikseli mbili tatu ijifiche chini ya mstari, lakini dawa hiyo niliijua baada ya mwenyekiti kuuliza kwa nini amepakwa chokaa.

Kwa ngozi nilikuwa na uhakika. Mwenyekiti aliniletea picha yake ya simu, nami nikachukua dropa: unagusa shavu kwenye picha, rangi ya shavu inakuja kwenye brashi yako. Kumbe picha ilipigwa msibani, saa saba mchana, chini ya turubai la bluu. Jicho la mtu hulisamehe turubai bila kuambiwa. Dropa haina adabu hiyo, inachukua ilichokikuta. Mwenyekiti akaitazama sura yake kwenye kishikwambi kwa muda.

"Kijana, kwenye ule msiba mimi nilikuwa mfiwa. Siyo marehemu."

Nikamrudishia maji ya kunde yake, kisha nikatia kivuli kwa nyeusi. Akalalamika amepakwa masizi, na alikuwa na haki. Ngozi ya kahawia ukiitia nyeusi tupu inakufa. Kivuli chake kinataka kahawia nzito inayoelekea wekundu au zambarau. Nikaweka zambarau kidogo chini ya taya. Mweka hazina, aliyekuwa anatazama picha ikiwa imekuzwa, akataka kujua mwenyekiti kapigwa na nani. Nilipoipunguza wote wakaona kivuli, isipokuwa yeye, aliyeendelea kumtaja abiria mmoja wa juzi.

Kilichomaliza vikao ni leya, yaani tabaka za mchoro zinazolazwa moja juu ya nyingine. Mistari ina leya yake juu, ngozi yake, shati lake, pikipiki yake. Ile ya mistari unaiwekea hali ya kuzidisha: kwa programu nyeupe ni 1 na nyeusi ni 0, na chochote mara 1 hubaki kilivyo, kwa hiyo weupe wa karatasi unatoweka na rangi za chini zinachomoza. Shati likabadilika bila kumgusa mwenyekiti. Nikatoa bango la nyekundu na nyeupe kwa watu wa Simba, la kijani na njano kwa watu wa Yanga. Kijiwe kikakubali mabango mawili, nami nikakubali malipo mawili.

Yalitoka vizuri, ila anga la bluu liligeuka zambarau. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga na mashine ya uchapaji kwa wino, na bluu kali ya skrini haina wino wa kuifikia. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu anga halina timu.

Sasa amejitokeza dereva mmoja shabiki wa Azam. Anataka bango lake, bluu ileile anayoiona kwenye simu. Nimemwambia alete kwanza malipo, kisha tujadiliane.