Betri za Shemeji

Huku Gishubi, Burundi, tuna vilima, migomba, kahawa, na bondeni maji ya kulowesha magoti tu. Mtu wa huku akianza kuzungumzia boti, jua ana shemeji. Wangu yuko Rumonge, alikoolewa dada yangu, kwenye Tanganyika, ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina kinachokaribia mita 1,500. Karibu kila ndagala anayepanda kuja sokoni kwetu amekamatwa usiku kwa kudanganywa na taa.

Zamani taa zenyewe zilikuwa karabai. Karabai ilikunywa mafuta ya taa bila huruma, na tone moja la maji lilitosha kupasua kioo chake, lakini ilikuwa na wema mmoja: ilijitegemea. Ikizimika moja, wenzake hawana habari. Siku hizi ni balbu za LED na betri, na betri zina ukoo. Ukiigusa moja, nyingine inajibu.

Boti ya shemeji ina betri mbili za volti 12. Mpango wake, ulipokuwa bado kwenye karatasi, ulikuwa wa kiungwana kabisa: ya kwanza kuwashia mashine, basi, ya pili ni ya taa. Betri ya kuwashia hutoa umeme mwingi kwa sekunde chache kisha hupumzika. Haikutengenezwa kunyonywa kidogokidogo usiku kucha. Ya taa ndiyo inayokesha. Zikikaa mbalimbali, hata taa zikiimaliza ya kwao, mashine bado ina ya kuwarudisha watu nyumbani.

Mpango ulidumu mpaka vijana wa botini walipogundua kwamba ile betri ya mashine hailali wala haifanyi kazi, ipo tu. Mvuvi hawezi kuvumilia kitu kinachokaa bure usiku. Ikaungwa redio. Ikaja simu, ikafuata simu nyingine, halafu simu ya mtu ambaye hakuwa hata botini, alimpa binamu yake amchajie huko huko majini. Alfajiri ndagala wamejaa, ufunguo unazungushwa, mashine inasema "tk". Kamba ya kuivuta kwa mkono ipo, ila ilishahamia nyumbani, inaanikiwa nguo. Wakapiga makasia.

Akaitwa fundi. Fundi akasikiliza, akasema: "Ziunge, zisaidiane." Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi: volti zinabaki 12, akiba inakuwa mara mbili. Maneno hayo ni ya kweli, mradi betri ziwe za aina moja na umri mmoja. Za shemeji, moja ilikuwa mpya, nyingine ilikwisha fikia kustaafu. Watu wa Gishubi tungemwonya. Kwetu chungu kimoja cha impeke, pombe ya mtama, hunywewa na watu kadhaa, kila mmoja na mrija wake, na tunajua hasara ya kukaa chungu kimoja na mzee asiyechangia kitu lakini mapafu yake hayana kasoro. Betri iliyochoka inaivuta mpya mchana kutwa, hata taa zikiwa zimezimwa. Haikuchukua muda shemeji akawa na betri mbili zinazolingana kabisa, zote zimechoka. Mmoja wa vijana, kwa nia njema, akaziongezea maji. Betri hutaka maji yaliyosafishwa kwa kuvukizwa, yasiyo na chumvi wala madini. Yeye alichota ubavuni mwa boti.

Fundi wa pili alikuwa mdogo wake yule wa kwanza, na alitaka kuonyesha kwamba yeye ni mtu mwingine. Akaunga chanya ya huku na hasi ya kule, zifuatane. Ukifanya hivyo zinajumlishwa: 24. Taa zilikuwa za 12. Wanaosimulia wanasema mwanga kama ule haujapata kuonekana pwani ile, na ulidumu kiasi cha mtu kusema "Eh!" Kisha waya ukaanza kuyeyuka. Fyuzi ilikuwepo, tena mahali pake, karibu na betri kama inavyotakiwa. Ila ilishaungua siku nyingi na badala yake kulikuwa na ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Hiyo haiungui kirahisi, ndiyo maana wanaipenda.

Shemeji akanunua betri mbili mpya, aina moja, siku moja, duka moja. Nilimsifu. Bahati mbaya mwezi ulikuwa mpevu. Mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, taa yako haimwiti ndagala yeyote, kwa hiyo wavuvi hupumzika. Na kwetu palikuwa na harusi ya mpwa wetu, kwenye kilima kisichofikiwa na nyaya za umeme. Betri zikapakiwa ndani ya gari la Probox, zikapanda kupitia Bururi, kutoka ziwani, mita kama 770 juu ya usawa wa bahari, hadi huku kwetu kwenye 1,500 na zaidi, kwa kona zote zilizopo katikati. Kwenye kona mojawapo betri ilimwegemea abiria mmoja, bwana wa heshima aliyevaa suruali ya kaki. Asidi ya betri ina adabu, haisemi kitu siku hiyo. Bwana alishuka, akatushukuru kwa safari njema. Suruali ilisubiri kufuliwa ndipo itoboke vizuri.

Harusini shemeji alikuja na mita yake ya kupimia. Akamweleza mpiga muziki kwa upole: betri iliyojaa na kutulia inasoma kama 12.7; ikifika 12.2 ni nusu, tunazima spika, tunaacha taa. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara, vibao vyake vya risasi vinaota ukoko mgumu na umri unakatika. Mpiga muziki alikubali kila neno. Lakini kila mgeni alikuwa na simu, na kila simu ilikuja na waya wake, kwa hiyo saa mbili usiku 12.2 ilikwisha pita kimyakimya. Shemeji akasimama kwenda kuzima spika. Mama yangu, yaani mama mkwe wake, akamwona, akauliza kama kuna tatizo, maana yeye ndiyo kwanza ameanza kucheza.

Huyo ni mtu ambaye shemeji hawezi hata kumtazama usoni sawasawa. Akasema hakuna tatizo, mama. Akarudi kukaa. Tulicheza mpaka 11.3, mimi mwenyewe niliiona kwenye mita, na yeye akiishika ile mita kama mtu anayesoma barua ya hospitali.

Baada ya hapo alikwenda Bujumbura akanunua swichi ya kuzungusha: moja, mbili, zote, zima. Kwenye dau la Mzungu anayesafiri peke yake nadhani inatosha. Kwa vijana wetu, "zote" ilionekana kuwa ndiyo sehemu yenye ukarimu, ikabaki hapo. Siku mmoja alipokumbuka kuirudisha, aliipitisha kwenye "zima" mashine ikinguruma, na umeme wa mashine ulipokosa pa kwenda ukaunguza kile kidude kinachouandaa uweze kuingia kwenye betri. Shemeji hakugomba. Alichukua bisibisi, akakifungua kishikio chekundu cha swichi, akakitia mfukoni. Kuanzia hapo hakuna aliyegeuza chochote bila yeye kuwepo, na kusema kweli, betri hazijawahi kuwa na afya kama wakati ule.

Mpaka tulipopata msiba. Shemeji alipanda mara moja, kama inavyompasa mkwe. Tumeketi na wazee, kofia ya mchango ikapita, akaingiza mkono mfukoni, kikatoka kishikio chekundu. Wakati huo huo simu inalia. Ni vijana, wako ufukweni: "Mzee, giza zuri sana leo, wenzetu wote wamekwisha ingia majini, sisi swichi haizunguki."

Mzee aliyekaa kati yetu alikichukua kile kishikio, akakigeuzageuza, akauliza ni nini.

"Boti yangu," akasema shemeji.

"Kumbe," akasema mzee, akimrudishia, "nilidhani ni kubwa."