Muulize Babu Hendeli

Safu hii hujibu barua za wenye magari ya zamani, wake zao, waume zao, mafundi wao, na majirani wanaopuliziwa moshi. Babu hajibu barua za mapenzi, isipokuwa zile zinazojifanya za magari, ambazo ndizo nyingi. Ukituma picha ya gari, tuma na picha ya uvungu wake.

*Shikamoo Babu. Marehemu baba ametuachia Peugeot 404 ya mwaka 1967. Imelala chini ya mwembe muda mrefu lakini bodi bado nzuri. Desemba mdogo wangu anaoa Tukuyu, na kwenye kikao cha kamati nimeshatangaza kwamba bwana harusi atapelekwa na gari la mzee. Mashemeji wamecheka mpaka kikao kikaahirishwa. Nimewakumbusha kwamba gari hili lilishinda Safari Rally. Je, nitafika?*
*Mrithi, Kibaha*

Marahaba, Mrithi. Wewe utafika. Gari tulijadili.

Tuanze na hiyo Safari Rally, maana naona ndiyo inayokupa kiburi. Ni kweli, 404 zilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na miaka hiyo miwili ya katikati usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, kwa hiyo hata sisi tuna haki ya kujidai. Lakini mwaka 1963, na tena 1968, njia ilikuwa mbaya kiasi kwamba yalimaliza magari saba tu. Watu wote wanayakumbuka hayo saba. Wewe ukilala usiku yafikirie yale mengine, yaliyoachwa matopeni. Yale yalikuwa na mafundi wakiyasubiri njiani, na hakuna hata moja lililokuwa limetagiwa mayai kwenye kiti cha nyuma. Usinikatalie. Gari likilala chini ya mwembe Kibaha, kuku wana habari.

Kabla ya kuwasha chochote, mwaga petroli yote iliyomo kwenye tenki. Petroli iliyokaa inageuka gundi, na kutu ya tenki itafika kwenye kabureta kabla wewe hujafika Chalinze. Kisha badilisha kila kitu cha mpira: hozi za rejeta, hozi za breki, vikombe vya mpira vilivyomo ndani ya silinda za breki. Sijasema kagua. Tairi zako najua hazina kipara, kwa kuwa hazijatembea, na hapo ndipo wengi wanapopata ajali. Soma ubavuni, mwisho wa ile namba ndefu. Ukikuta 2309, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Ukikuta tarakimu tatu tu, ni la kabla ya mwaka 2000, wafungie watoto bembea.

Halafu kuna difu. Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu fundi wako kijana atakuharibia kwa nia njema. Difu ya 404 ina skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la bronzi, na Peugeot walikuwa wakiiwekea mafuta yenye asili ya mbarika. Ndiyo, yaleyale ambayo bibi yako alikuwa akikukimbiza nayo ukivimbiwa. Baadhi ya oili za gia za siku hizi zina dawa za salfa ambazo bronzi haizipendi hata kidogo. Muulize fundi anakusudia kuweka oili gani. Akijibu "ya kawaida", mshukuru, mlipe nauli, tafuta mzee.

Sasa barabara. Ondoka saa kumi na moja alfajiri, ule ubaridi wa asubuhi uutumie mpaka Morogoro. Mikumi barabara inakata hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, na kuna vibao vinavyokuorodheshea faini ya kila mnyama utakayemgonga. Hapo utamshinda mwenye V8, kwani wewe huna mwendo wa kumfikia hata ngiri. Ukishafika Ruaha Mbuyuni simama, nunua vitunguu, uache boneti wazi. Usisimame kwa sababu umechoka. Simama kwa sababu ya kinachokusubiri mbele.

Kinachokusubiri ni Kitonga. Umeupanda mlima huo kwenye basi ukiwa umesinzia, kwa hiyo hujaupanda. Utakuwa nyuma ya lori la Zambia linalotambaa, kona juu ya kona, upepo hakuna, jua limeshapanda. Pampu ya petroli ya gari lako imefungwa ubavuni mwa injini, inakula joto lote. Petroli ikigeuka mvuke humo ndani, pampu inabaki kusukuma mvuke, gari linakohoa, linazima, na kila anayepita anakupigia kelele za ushauri. Usiiguse kabureta, haina kosa. Jitoe barabarani kabisa, weka mawe nyuma ya magurudumu, weka pembetatu mbali, lowesha kitambaa uifunike pampu, kisha kaa chini usubiri. Maji ni ya kitambaa. Ukiyamwaga ya baridi juu ya injini iliyochemka, unaweza kuipasua. Kifuniko cha rejeta nacho usikifungue, hata shemeji akisema kwao huwa wanafungua.

Ukitokea juu usishangae gari limekuwa zembe. Iringa na Mbeya ziko juu ya mita 1500, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1000 za kupanda. Zako ni sisi 1618, na miaka yote ile ya mwembeni. Usiitukane. Lala Iringa. Anayetaka kuingia Mbeya siku hiyohiyo kwa gari la umri huo huyo yuko mashindanoni, asituombe dua za msafiri. Wakati wa kurudi, Kitonga uishuke kwa gia ileile uliyoipandia. Breki za ngoma zikikanyagwa mfululizo zinashika moto, na zikishashika moto mguu unakanyaga hewa tu.

Na wipa! Tukuyu, Desemba, mtu ananiandikia kurasa mbili bila neno moja kuhusu wipa.

Kuhusu bwana harusi, apande basi. Wewe tangulia siku tatu kabla, mpokee stendi ya Tukuyu, umpakie pale umpeleke kanisani. Hizo kilomita mbili za mwisho gari litapendeza mno kwenye picha, na mashemeji hawatafungua buti kuona spana.

*Babu, shikamoo. Mume wangu ana Land Rover 109. Tukisafiri husimama kila baada ya muda mfupi na kufungua boneti. Hakuna kilichoharibika. Watu wakikusanyika kuuliza, anawahadithia gari lilivyonunuliwa, kuanzia mwanzo. Tulitoka Arusha alfajiri kwenda kwa mama Muheza, tukafika amekwishalala. Nifanye nini?*
*Mke wa Hadithi, Arusha*

Marahaba, mwanangu. Barua yako inajifanya ya gari.

Nikupe kisa. Agosti mwaka 1888, huko Mannheim, Ujerumani, Bertha Benz aliamka mapema, akalitoa gari la magurudumu matatu ambalo mumewe Carl alikuwa amelivumbua lakini anasitasita kulipeleka mbali, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, akaondoka kwenda kwa mama yake Pforzheim. Zaidi ya kilomita 100. Mume hakuambiwa. Kituo cha mafuta duniani hakikuwepo, kwa hiyo akanunua dawa ya kutolea madoa kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, akaitia kwenye tenki. Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Waya ukachubuka, akauzungushia mkanda wake wa soksi. Penye mlima watoto walishuka wakasukuma. Breki zilipolika alimpitia fundi viatu, akazigongea ngozi, na hapo ndipo breki zilipoanza kuvishwa kitu. Jioni akampelekea mume telegramu kwamba wamefika. Sijasoma popote kwamba alisimama kuwahadithia wapita njia.

Umenielewa. Ufunguo uko kwenye msumari nyuma ya mlango, na mama yako yuko Muheza. Klachi ya 109 ni nzito, fanya mazoezi uwanjani wiki mbili. Betri ikikukatalia, chukua hendeli, hakikisha gia iko huru na breki ya mkono imevutwa, kisha uivute kutoka chini kuja juu. Usiisukume kwenda chini. Kidole gumba kikae upande mmoja na wenzake, kisizunguke upande wa pili, maana injini ikirudisha teke hendeli inavunja gumba, wakati mwingine na kifundo cha mkono. Jina hili la Hendeli sikulipata kwa ubatizo.

Ukifika, mpigie mume simu. Telegramu hazipo siku hizi.

*Mzee, habari yako. Niko na Beetle ya 1971 na tunapanga kushuka Mombasa kutoka Nairobi, mimi na marafiki watatu. Tulijaribu mwezi uliopita tukarudia Emali. Kwanza kijana wa petroli alitaka kupima maji ya rejeta, tukatafuta rejeta sote watano tukaikosa. Halafu taa nyekundu ikawaka. Rafiki yangu akasema hiyo ni betri haichaji tu, twende hivyo hadi Mtito Andei. Mimi nikaogopa. Nani alikuwa sawa?*
*Buruburu Boy*

Wewe. Huyo rafiki mpe kiti cha nyuma na kazi ya kushika chakula.

Rejeta haipo. Injini ya Beetle iko nyuma na inapozwa kwa hewa, na hewa hiyo inasukumwa na feni iliyofungwa kwenye ekseli moja na dainamo. Mkanda unaoizungusha dainamo ndio huohuo unaoizungusha feni. Kwenye gari la jirani yako taa nyekundu ya dainamo ikiwaka, anaweza kuendelea hadi mji wa mbele akiomba Mungu. Kwako taa hiyo inaweza kuwa na maana kwamba mkanda umekatika na injini haina upepo. Zima palepale. Kutoka Emali hadi Mtito Andei bila feni mngefika na kopo la vipande.

Beba mkanda mpya, hata miwili, na spana namba 21. Nati ya ile puli ya juu inafunguliwa kwa spana hiyo, huku umeizuia puli kwa bisibisi kwenye kile kijino chake. Kati ya puli zake mbili kuna vichuma vyembamba, ukizidisha mkanda unalegea, ukipunguza unakaza. Ukibonyeza kwa kidole katikati uingie kidogo, kama sentimita moja na nusu. Jizoeze ukiwa Buruburu mchana, kabla hujalazimika kufanya usiku Kibwezi kwa tochi ya simu yenye chaji asilimia nne.

Watu wazima wanne ni wengi. Mzigo wenu utakaa mbele, na hapo mbele pana tairi la akiba na tenki, kwa hiyo ile spika uliyoitaja mwisho wa barua ibaki nyumbani. Pale Makindu kuna hekalu la Masingasinga linalowalisha wasafiri bila kuwatoza. Vueni viatu, funikeni vichwa, kaeni chini, mle kwa heshima. Injini nayo inapoa wakati huo, na ninyi hamtanunua chipsi za barabarani. Na kabla hamjadharauliwa na mwenye Prado, mwambieni Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka 1962, halafu mumwachie apite. Mwachieni kweli. Malori ya njia hiyo yakipishana nanyi kwa kasi, upepo wake unaisogeza Beetle pembeni, hivyo mikono yote miwili ikae kwenye usukani.

*Babu, gari langu la 1974 halina AC, halina redio, na nyuma hakuna mikanda. Naenda Mwanza na watoto. Nianze kufunga AC?*
*Joto, Dodoma*

Mikanda. Dirisha unalo.

*Babu, mimi ni mwenzako, fundi, niko Makambako. Wenye magari ya zamani wanaoharibikiwa hapa wananitesa. Wanakuja na simu, wananionyesha video ya Mjerumani, wanasema "fanya kama huyu". Mjerumani ana gereji yenye vigae. Mimi nina mti na jeki. Niwatoze vipi?*
*Fundi wa Chini ya Mti*

Mwenzangu, pole na kazi. Mteja anayekaa kwenye benchi na kunyamaza, mtoze bei ya kawaida. Anayesimama nyuma yako akishusha pumzi shingoni, ongeza kidogo. Anayeshika spana, ongeza tena. Mwenye video, itazame kwanza hadi mwisho, kwa sababu mara moja moja Mjerumani anajua kitu, kisha mwongezee gharama ya bando.

Lakini uliandika neno "jeki", na umeliandika peke yake. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu, la zamani wala jipya. Mafuta ya jeki yanavuja polepole, na chini ya mti ardhi haiko sawa. Chonga magogo mawili mapana, yaweke chini ya chesisi, zuia magurudumu kwa mawe, lisukume gari kwa bega uone kama litayumba, ndipo ulale. Mteja akikwambia unamchelewesha, na hilo liingie kwenye bili.