Pikapu Imekataa, Karagita Imeitika

Gari likikufia katikati ya Nairobi, watu hukupigia honi na kukutukana. Likikufia Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, wanakuja kulitibu. Sijaamua bado ni kipi kinachochosha zaidi.

Pikapu yangu ni Peugeot 504 ya petroli, ya rangi ambayo watu hubishania. Kazi yake ni kuteremsha kabichi na viazi kutoka Kinangop, na kazi hiyo haingoji jua. Alfajiri moja ya Julai, mabasi ya mashamba ya maua yakizoa wafanyakazi kando ya barabara ya Moi South Lake, nilizungusha ufunguo. Stata ikaitika kwa nguvu. Injini ikazunguka, ikazunguka tena, ikakataa kushika.

Mwenye gari kuukuu ameshaelewa. Stata ikizungusha injini kwa nguvu namna ile, betri haina kosa. Unabaki na mafuta, hewa na cheche, na hayo mtu aliye peke yake huyakagua kabla chai haijapoa. Shida ni kwamba Karagita hakuna mtu aliye peke yake.

Wa kwanza kufika alikuwa kijana wa bodaboda. "Mzee, hiyo ni betri." Nikamwambia si unaisikia inavyozungusha? "Inazungusha, lakini haina roho." Kumbe yeye mwenyewe alikuwa ametoka kununua betri mpya, na bei ilikuwa bado inamuuma. Akafuata jirani anayehudumia mabomba ya maji katika shamba la maua; akasema ni uchafu umeziba pampu. Mvuvi aliyetoka kutega nyavu akaapa kwamba petroli imeingia maji. Hapo ndipo nilipoelewa mbinu yao: kila mmoja alikuwa anaipa pikapu yangu ugonjwa wa chombo chake.

Bwana mmoja mwenye makoti mawili hakutoa maoni. Alifungua mlango, akaniomba nimpishe, akavuta choki na kuanza kukanyaga mafuta kama fundi cherehani. Karagita iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa kwa nchi za chini huchanganya petroli nyingi na hewa kidogo. Ukiongeza choki na mguu wa mtu mwenye makoti mawili, plagi zinalowa chepechepe. Harufu ikatanda hadi mama wa mandazi akabeba jiko lake na kuhamia ng'ambo ya barabara bila kusema neno. Alikuwa mtu wa kwanza asubuhi ile kufanya jambo la maana. Angalau sasa tulijua mafuta yanafika.

Akatokea mzee mmoja, dereva mstaafu, akaipigapiga boneti. "Gari hii ilishinda Safari Rally mwaka 1975, mikononi mwa Ove Andersson. Itashindwa na baridi?" Ni kweli 504 ilishinda mwaka huo. Lakini ile haikuwa pikapu, na haikuwa na kabichi kwenye historia yake. Hilo halikumzuia mzee, na vijana ndio kabisa. Tangu Safari irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 na kupiga kambi Naivasha, kila kijana aliyewahi kumeza vumbi la Kedong ni mhandisi. Wakaamua kwa kauli moja: isukumwe.

Nilijaribu kueleza. Kusukuma gari ni kufanya kazi ya stata, na stata yangu ilikuwa inafanya kazi yake vizuri. Kama hakuna cheche, unaweza kulisukuma hadi Narok. Lakini watu waliokwisha kukunja mikono ya mashati hawaelezwi kitu. Na ardhi ya Karagita, kama mjuavyo, inateremka kuelekea ziwani. Pikapu ilikwenda vizuri sana. Niliachia klachi, ikatikisika, ikanyamaza, ikaendelea kuteremka, nami nikaisimamisha karibu na ufuo wa umma. Hapo wasukumaji wakakumbuka kwamba saa zile ndipo kiboko hurudi majini kutoka malishoni. Kisha wakakumbuka kwamba wamechelewa kazini. Kupandisha hakukuwa na mhandisi.

Fundi niliyemwita alipofika aliuliza kwanza, "Nani ameigusa?" Nikamwonyesha mji. Akafungua plagi moja, akaifuta, akairudisha kwenye waya wake, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Hakuna cheche. Mtu wa kwanza kupima badala ya kukisia! Akatangaza koili imekufa, na akatoa simu kumpigia jamaa yake wa Naivasha mjini mwenye koili "karibu mpya".

Mama wa mandazi alikuwa ameteremka kudai pesa za mandazi ambayo wahandisi walikula wakisema nitalipa mimi. "Baba," akasema, "yule aliyekuuzia alikuwa akinunua kwangu kila asubuhi. Hakuwahi kugusa ufunguo kabla hajaingiza mkono chini ya kiti."

Tukaingiza mkono. Chini ya kiti, nyuma ya jeki niliyoisukuma humo jioni iliyotangulia, palikuwa na swichi ndogo. Ni ile ya kuwakomesha wezi: inakata umeme unaotoka kwenye ufunguo kwenda kwenye koili, na kuiacha stata izunguke mpaka mwizi achoke. Jeki ilikuwa imeizima. Fundi akaibonyeza, akarudisha plagi, na pikapu ikanguruma.

Nilimpigia simu muuzaji. Akasema alidhani najua.

Fundi alidai ada ya kuangalia, nikalipa bila ubishi, maana aliangalia kweli. Mandazi yalinigharimu zaidi. Swichi nimeihamisha. Pikapu inauzwa, bei ya maelewano. Swichi iko wapi, nitakuonyesha ukishalipa.