Ukuta Unatoa Jasho

(Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Adhana ya magharibi imekwisha. Mwenye nyumba amekimbilia msikitini, simu ameisahau juu ya baraza. Paka kajikunja chini yake.)

BARAZA: Ewe, acha kutetema. Mgongo wenyewe nyufa tupu.

SIMU: Si mimi, Mzee, ni watu wanajibu. Bwana aliuliza swali usiku, na mpaka sasa majibu kumi na saba.

BARAZA: Swali gani lisiloulizika hapa? Babake alinikalia mimi, babu yake alinikalia mimi.

SIMU: Ndiyo maana hakuulizi.

BARAZA: Na hao kumi na saba ni jamaa zake?

SIMU: Hamjui hata mmoja. Wako Kanada, wako Muscat, mwingine Kisumu. Wanapita kwenye waya chini ya bahari. Mmoja uliingia hapa Mombasa mwaka 2009, umetoka Fujairah.

BARAZA: Fujairah ya Ghuba? Lo! Majahazi ya kule yalikuwa yakishuka na kaskazi, yakipakua tende na mazulia pale bandari ya kale, na mabaharia wakija kukaa hapa hapa kungoja kusi iwarudishe. Walikuwa hawajuani na mtu pia. Lakini walikaa miezi, yakhe! Mtu ukimdanganya Januari, Machi bado unamwona usoni.

PAKA: Na ukimweleza siri Januari, Machi inajulikana mpaka Makupa.

SIMU: Umesikia, Mzee? Usiku mmoja, saa nane, bwana aliamka mkono umekufa ganzi. Mwili wote jasho. Akauliza: ni kiharusi, au nimeulalia? Wakamwambia aukunje, aukunjue, acheke mbele ya kioo aone kama mdomo umekwenda upande. Akacheka peke yake kizani. Dakika tano damu imerudi, akalala. Hapa angemwamsha nani?

BARAZA: Asubuhi angewaambia wazee, wangemwombea.

PAKA: Wangemwombea, kisha adhuhuri Ndia Kuu nzima ingekuja na matunda ya mgonjwa. Unamkumbuka yule kijana aliyemnong'oneza mwenzake hapa kwamba anamtaka binti wa Bondeni? Habari ilifika kwa wakwe kabla ya posa. Halua ikaliwa, yeye hata kanzu hajapiga pasi.

BARAZA: Mimi ni jiwe. Wenye midomo ni wao.

SIMU: Basi ndiyo kazi yangu hiyo. Juzi kauliza kwa nini kunguru anamwandama yeye tu, kila akitoka Marikiti. Wakamweleza kwamba kunguru hushika sura ya mtu, akikuchukia hasahau.

PAKA: Alimrushia malapa. Nilikuwapo. Hilo kaliandika?

SIMU: ...Hakuliandika.

PAKA: Nilijua tu.

BARAZA: Na la jana ni lipi, lenye majibu kumi na saba?

SIMU: Ukuta wa chumba cha chini. Kapiga picha: plasta imefura kama mahamri, ukiigusa inamwaga unga mweupe. Anauliza ni unyevu au ni jini.

BARAZA: Jini! Kakaa juu ya jibu, anauliza Kanada!

SIMU: Huyo wa Kanada kasema ni theluji imeyeyuka, achimbe pembeni mwa msingi. Mwingine kasema rangi isiyopitisha maji, apake mara tatu. Wa tatu anamshauri auze nyumba. Wa nne ana kombe la kufukuza mashetani, atanguliziwe shilingi elfu mbili, namba hii hapa.

PAKA: Huyo ndiye pekee aliyejua yuko nchi gani.

BARAZA: Sikiliza, mwanangu, maana mimi na ukuta ule tumetoka shimo moja. Sisi ni matumbawe. Matumbawe hunywa. Maji yanapanda kutoka ardhini, na ardhi ya kisiwa hiki chimba kisima uonje, utajua bahari iko mlango wa pili. Zamani tulipakwa chokaa: mawe ya matumbawe yanachomwa juu ya rundo la kuni, yanazimwa kwa maji, kisha chokaa inalazwa mpaka iive. Chokaa inauacha ukuta upumue, maji yakaenda na upepo. Yeye kaja na simiti! Kauziba ukuta pua. Maji yanatafuta pa kutokea hayapati, chumvi inaganda nyuma ya plasta, inakua, inasukuma. Ndio huo unga. Aulambe, aone kama jini ana ladha ya bahari. Na akiongeza ile rangi, ameutia ukuta kwenye mfuko wa plastiki. Msikiti wa Mandhry umesimama tangu 1570, aliupaka nani rangi ya mpira?

SIMU: Ajabu. Jibu la kumi na saba linasema hivyo hivyo. Chokaa, pumzi, chumvi, yote. Kaandika mtu anajiita Mtu wa Pwani.

BARAZA: Yuko wapi?

SIMU: Sijui. Kwangu mimi wote wako umbali mmoja. Mwishoni kaongeza: "Na uangalie mlizamu wako unamwaga wapi, huenda unalowesha msingi wako na wa jirani."

(Paka anacheka mpaka masharubu yanatetema.)

BARAZA: Una nini?

PAKA: Mimi nakula nyumba zote mbili, Mzee. Jana usiku nilikuwa kwa fundi, mlango wa pili, nangoja kichwa cha changu. Picha ikamfikia. Akaitanua kwa vidole viwili, akaona ule ufa wenye umbo la mkia wa nguru, ufa alioupigia kelele miaka mitatu. Akacheka peke yake. Kisha akavaa miwani, akaandika nusu saa.

BARAZA: Fundi? Hawa si walikosana kwa ajili ya mlizamu huo huo? Hawapeani hata salamu ya Idi!

PAKA: Ndio hao.

SIMU: Nyamazeni, anakuja.

(Mwenye nyumba anaketi, anaishika simu, anasoma, midomo ikicheza. Fundi naye anatoka msikitini, anaketi ncha ya pili, kampa mgongo. Kati yao pana nafasi ya watu wawili wanene.)

SIMU (kwa sauti ya chini): Anaandika. "Ahsante sana, ndugu yangu. Watu kama nyinyi hapa mtaani hatuna. Allah akujaze popote ulipo. Mlizamu nausogeza kesho." Haya, imekwenda.

(Ting! Ncha ya pili.)

BARAZA: Nimeisikia kwenye ubavu wa kushoto.

PAKA: Anasoma. Anacheka ndevuni.

SIMU: Kajibu: "Amin. Chokaa iwe ya kulazwa, usinunue ya gunia."

(Muuza kahawa anafika, dele mkono mmoja, vikombe vinagongana mkono wa pili. Anamimina viwili bila kuuliza.)

MUUZA KAHAWA: Hivi viwili nani analipa?

WOTE WAWILI (bila kugeuka): Kila mtu chake.