Karibu Luano, Mikono Iko Kwapani

Anayetoka Kinshasa kuja Lubumbashi mwezi wa saba huongezewa saa moja na kupunguziwa joto. Kinshasa iko kama mita 300 juu ya bahari; uwanja wetu wa ndege wa Luano uko kama mita 1,300, na wakati wa kiangazi anga huwa halina wingu la kuzuia joto la mchana lisitoroke usiku. Alfajiri tunashuka chini ya nyuzi 10. Ukimweleza hayo mtu wa mji mkuu, anadhani unamfukuza kwa adabu.

Shemeji yangu alidhani hivyo. Alishuka jioni na shati la mikono mifupi, akatanua mikono kwa mbali atukumbatie. Sisi yetu tulikuwa tumeibana kwapani. Tukamwitikia kwa videvu. Kabla hatujafika nyumbani, ndugu zake wote Kinshasa walikwisha kujua kwa simu kwamba dada yao ameolewa kwenye ukoo usio na upendo.

Tukampa koti la ziada, la dada yake: mtumba wa Ulaya, rangi ya waridi, manyoya shingoni. Akakataa. Saa mbili usiku akalivaa. Saa tatu akaomba mbabula, jiko letu la makaa, iingizwe chumbani. Nikamkatalia, maana makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa sumu isiyo na harufu, na aliyelala haamki tena. Yeye alisikia neno moja tu.

"Shemeji, hata moto mnaninyima?"

Akapiga simu tena.

Mbabula ikabaki uani, naye ikabidi aifuate. Huko alimkuta jirani ambaye tulikuwa hatusemeshani naye tangu ugomvi wa mwembe. Lakini makaa ni ghali: jirani alikuwa akileta makaa, mimi nikitoa mbabula, na kila mmoja akinuna upande wake huku tukiota moto mmoja. Kiangazi hapa hakuna mwenye uwezo wa kununa peke yake. Jirani akamtazama mgeni na manyoya yake, akasogeza kigoda, akampa karanga. Mimi nikacheka, jirani akacheka, na ugomvi wa mwembe ukafia hapo.

Shemeji aliporudi kwao, aliondoka na koti. Sasa limetundikwa Kinshasa, halina kazi, na mwenye koti ananisemesha kupitia watoto. Nashukuru nina jirani wa kuzungumza naye.